Fomu ya Nywila Ilifuata Nini Poti ya 80?

Saccos moja imezindua tovuti mpya, na kwa juu haina kasoro: cheti kinajihuisha, TLS 1.3 ipo, kurasa ni nyepesi. Kazi safi. Kisha wakaiharibu kwa mstari mmoja wa JavaScript.

Mstari wenyewe unasema hivi: kama location.protocol si https, badilisha anwani iwe ya https. Umeandikwa sawasawa, ila umepewa kazi isiyo yake. Skripti haiendi mpaka kivinjari kiwe kimeshapokea ukurasa, na ukurasa huo umekuja kwa HTTP, wazi. Ombi limeshatoka, na kila kidakuzi kisicho na alama ya Secure kimetoka nalo. Aliyejipenyeza katikati, tuseme kwenye waifai ya hoteli, hana haja ya kuvunja usimbaji wowote. Anaufuta mstari ule, anauacha ukurasa kama ulivyo, na mwanachama anaandika nywila yake.

Baya zaidi ni hili. Skripti yenyewe wameiweka kwenye faili la pembeni linaloitwa chini kabisa ya ukurasa! Mtandao ukiwa mzito, fomu inatokea kwanza. Skripti inafuata baadaye, au haifiki. Mtu anabonyeza Ingia, nywila inaondoka kwa HTTP, na wala hakuna aliyegusa chochote njiani. Kusikiliza tu kunatosha.

Nimelipigia kelele jambo hili tangu enzi za meta refresh na sitaacha: kuelekeza wageni ni kazi ya seva. Poti ya 80, ile ya HTTP, irudishe 301, basi. Najua watajibu kwamba hata 301 hukatwa njiani. Ni kweli, Moxie Marlinspike alituonyesha mwaka 2009 kwa sslstrip. Ndiyo maana mwaka 2012 tukapata heda ya HSTS, RFC 6797: kivinjari kikishaipokea heda hiyo kupitia HTTPS, hakirudi tena HTTP kwa muda wote uliotajwa. Nimeitafuta kwenye majibu ya seva yao. Haipo.

Mfano wa kazi hii kufanywa na seva upo. Januari 2011, watumiaji wa Facebook nchini Tunisia walikuwa wakiibiwa nywila kwa skripti zilizopachikwa njiani ndani ya kurasa za HTTP. Timu ya usalama ya Facebook haikutunga skripti ya kushindana nazo. Ilihamishia maombi ya nchi nzima kwenye HTTPS, kutoka upande wa seva. Gmail ilikuwa imeshaifanya HTTPS kuwa njia ya kawaida mwaka mmoja kabla. Hao ndio mafundi wa kuigwa, na hawakuwa na vyeti vya bure vya Let's Encrypt.

Fomu iondoke poti ya 80 leo. Nginx irudishe 301, vidakuzi vipewe Secure, HSTS ianze na max-age ya dakika chache, kisha ipandishwe hadi 31536000 vikoa vidogo vyote vikishapimwa. Na wanachama walioingia kupitia ukurasa ule waambiwe wabadilishe nywila.