Taa Ile Haikupaswa Kuwashwa

Aliyeamuru taa ziwashwe katikati ya mlo aliharibu kwa dakika chache kazi ambayo wenzake waliijenga tangu jioni. Nalisema hili mapema ili msomaji asisubiri hukumu hadi mwisho. Usiku ule wa kula gizani, katika hoteli moja ya mjini, ulikuwa unakwenda vizuri, ukavurugwa na uamuzi mmoja wa kizembe, na makofi yaliyopigwa baadaye hayaufanyi uamuzi huo kuwa sahihi. Hoteli siitaji. Waliokuwepo wanaijua, na walioandaa wanajijua.

Kwanza haki ya mwenye haki. Supu ya pweza ilikolea, samaki wa kupaka hakuwa na mwiba hata mmoja, glasi zilikuwa nzito na pana chini, na mapazia mawili ya mlangoni hayakupitisha mwanga hata kidogo. Kazi safi.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mlo mkuu ulikuwa umeshafika mezani kwetu, na ule ubishi ambao ndio starehe yenyewe ya kula gizani ulikuwa umepamba moto. Mzee mmoja alishikilia kwamba uchachu wa mchuzi ni embe mbichi. Dada aliyeketi kando yake akaapa ni ukwaju. Sauti zilikuwa zimeshuka, kama zinavyoshuka siku zote watu wakishalizoea giza. Ghafla spika zikafyatua wimbo wa bethidei, MC akapaza sauti, na taa zote za dari zikawaka kwa mpigo mmoja. Watu wakaziba nyuso kwa viganja. Keki ikaingia na fataki mbili zinarusha cheche. Simu zikachomolewa mifukoni.

Kiongozi wa upande wetu, yaani mhudumu anayewaongoza wageni gizani, hakuna aliyemtazama. Kijana yule asiyeona alikuwa katikati ya njia, trei mkononi, sahani zimejaa. Hakuna aliyemwambia kitu. Alisikia muziki, akasikia miguu ya viti ikiburutwa sakafuni, akasimama palepale. Wageni waliinuka kutafuta nafasi ya picha. Viti vikavutwa kando, mikoba ikatupwa chini, meza ndogo ya maji ikasukumwa hadi kwenye nguzo. Mwenye bethidei akalishwa keki, akapakwa krimu shavuni. Kisha taa zikazimwa, na MC akatutakia mlo mwema.

Yaliyofuata tuliyasikia. Hatua ya kwanza, ya pili, kisha mguu ukagonga kiti ambacho hakikuwa pale awali. Sahani zikagongana kwenye trei. Kiatu kikapapasa sakafu, kikakuta mkoba, kikarudi nyuma. “Samahani, ndugu zangu, naomba kila mmoja arudishe kiti chake mahali pake,” kijana akasema, kwa utulivu ambao ukumbi mzima haukuwa nao. Nani angerudisha nini? Giza lilikuwa limesharudi, na mahali pa kila kiti alipajua yeye peke yake.

Hapo ndipo ufundi ulipobomolewa. Kiongozi wa ukumbi wa giza habahatishi. Anahesabu hatua kutoka mlango wa jikoni hadi kona ya meza, anagusa ukingo wa meza kwa mgongo wa kiganja, anasikiliza mgeni wake yuko upande gani kabla ya kushusha sahani. Ramani hiyo anaiweka kichwani kabla mgeni wa kwanza hajaingia, nayo ina sharti moja tu: vitu visihame. Ndiyo maana tulipoingia, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake, tuliambiwa tusisogeze viti, mikoba ining'inizwe mgongoni mwa kiti, na anayetaka kuinuka, hata kwenda msalani, aite kiongozi. Amri ya meneja ya kuwasha taa ilizivunja kanuni zote tatu kwa mkupuo, na hasara ikamwangukia mtu ambaye taa ile haikumfaa kitu.

Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Usiku ule mkono uliguswa, tena mkono wa kazi.

Msingi wa aina hii ya mgahawa unafaa kukumbukwa, maana naona waandaaji wetu wamelichukua umbo wakauacha moyo. Mwaka 1988 Andreas Heinecke alianzisha nchini Ujerumani maonyesho ya gizani ambamo wasioona ndio waliowaongoza wanaoona. Mwaka 1999 watu wasioona, akiwemo mchungaji Spielmann, wakafungua Blindekuh mjini Zürich, mgahawa wa gizani ambao wahudumu wake ni watu wasioona au wenye uoni hafifu. Shabaha ilikuwa wazi: kubadilishana nafasi na kutoa ajira. Kwa saa mbili, mtu ambaye barabarani huvushwa kwa kushikwa mkono ndiye anayewavusha wengine. Dans le Noir ilipofunguliwa Paris mwaka 2004 iliufanya mpango huo kuwa biashara ya starehe, na bado ililinda kiini chake. Simu na saa zinazong'aa hufungiwa kabatini kabla ya kuingia, mgeni huchagua mlo kwa rangi badala ya orodha ya vyakula, na alichokula hukijua akishatoka. Mwanga una chumba chake, na chumba hicho kiko nje.

Ukiwasha taa mlo ukiendelea, nafasi zile zinarudi zilipokuwa papo hapo. Anayeona anakuwa bwana tena, asiyeona anasimamishwa njiani na trei yake. Wageni hawakusudii ubaya. Wanafuata mwanga, kwa sababu mwanga umewapa ruhusa.

Kuna hasara ya pili, ya ulimi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo kila mwandaaji wa mlo wa gizani angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliamua, pua ikafuata. Giza linalinyang'anya jicho mamlaka hayo, na ndicho kitu mgeni anacholipia. Mezani kwetu taa zilipowaka, mzee na dada wote wawili waliinamia sahani. Vipande vya embe vilikuwa juu ya mchuzi. Hakuna aliyesema neno tena kuhusu chakula hadi kitindamlo.

Hasara ya tatu ni ya macho yenyewe. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali hufuta mazoea hayo kwa muda mfupi sana. Kweli, katika giza totoro hakuna cha kuona hata ukilizoea. Lakini mtu aliyetoka kupigwa na taa za dari na cheche za fataki hurudi gizani na madoa ya mwanga yanaelea mbele yake, na masikio yake yanaanza upya. Tulikula sehemu iliyobaki kama watu waliokatiwa umeme, tunasubiri urudi.

Na kosa hili lilianzia mlangoni, mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Simu hazikukusanywa. Tuliombwa tu tuzizime. Mwandaaji anayeacha simu mifukoni ameshakubali moyoni kwamba kuna dakika ambapo zitahitajika, na simu iliyo mfukoni huitafuta dakika hiyo mpaka iipate. Nimeliandika hili kwenye safu hii mara nyingi, nami sitachoka: ugonjwa wa kumbi zetu za usiku ni kupangwa kwa ajili ya picha. Ukuta wenye mabawa ya malaika, bembea badala ya viti, majani ya plastiki kutoka dari hadi sakafu, maandishi ya taa za rangi, chupa inayosindikizwa na fataki hadi meza ya VIP. Vitu hivyo unaweza kuvihamishia baa yoyote ya Masaki au Sinza na hakuna kitakachobadilika katika namna watu wanavyokula, wanavyoketi au wanavyozungumza. Hayo ni mapambo. Baa yenye mtindo wa pekee huwa na kanuni moja inayoendesha usiku mzima, na mwenye baa mwenyewe huitii.

Tazameni mgahawa wa Planet Hollywood. Ilifunguliwa New York mwaka 1991 ikiwa na majina ya waigizaji Stallone, Schwarzenegger na Bruce Willis, kuta zimejaa mavazi na vifaa vya filamu. Mwaka 1999 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mgeni alishatazama kuta, akapiga picha, hakuwa na sababu ya kurudi. Hard Rock Cafe ya London, ya mwaka 1971, nayo ilijaza magitaa ukutani, lakini desturi hiyo ilianzia kwa mteja halisi: mwanamuziki Eric Clapton aliacha gitaa lake kuweka alama ya kiti anachokipenda, kisha mwanamuziki mwenzake Pete Townshend akaleta la kwake. Palikuwa na tendo kwanza, pambo likafuata.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda London kutafuta walimu. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilijenga usiku mzima juu ya kibendera kidogo cheupe mezani. Kikiwa kimesimama, wakataji wanaendelea kuja na nyama kwenye panga za Kimasai, moja kwa moja kutoka kwenye jiko kubwa la mkaa. Ukikilaza, umekubali kushindwa, na nyama inakoma. Meneja hana amri juu ya kibendera hicho. Kenya ilipopiga marufuku uuzaji wa nyamapori mwaka 2004, wengi walidhani mgahawa umekwisha, maana pundamilia na kongoni ndio waliokuwa wakitajwa kila mahali. Nyama hizo zikatoka, zikabaki za mifugo na za kufugwa kama mamba na mbuni, na kibendera kikabaki mezani. Watu wakaendelea kwenda. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba kanuni ndiyo iliyobeba mgahawa.

Au nendeni Michamvi Pingwe, Unguja, kwenye ule mgahawa wa The Rock uliokaa juu ya jiwe ufukweni. Maji yakitoka, unakwenda kwa miguu. Maji yakijaa, unapelekwa kwa mashua. Hata mgeni mwenye fedha nyingi kiasi gani hawezi kuamuru bahari ikupwe ili kiatu chake kisilowe, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Giza la hoteli yetu lilipaswa kuheshimiwa kama maji yale.

Najua utetezi utakaotolewa: mteja aliomba, mteja alilipa. Sawa, na wengine tuliojaza ukumbi tulilipia nini? Refa hasimamishi mpira ili mfungaji apige picha na familia yake, hata kama familia imekata tiketi za jukwaa kuu. Tena ombi lile lingetimizwa vizuri zaidi bila taa. Keki ingepitishwa gizani ikinukia iliki na vanila, kiongozi akauelekeza mkono wa mwenye bethidei hadi kwenye kipande chake, ukumbi mzima ukamwimbia bila kujua ameketi wapi. Bethidei kama hiyo haipatikani kwenye hoteli nyingine yoyote mjini. Picha zingepigwa baadaye kwenye sebule ya kutokea, penye taa na maua, keki nyingine ikiwa imeshapangwa mezani. Walikuwa na kila kitu cha kulifanya hilo, wakachagua kufanya kile kinachofanywa na kila baa ya mjini Ijumaa usiku.

Taa za ukumbi wa giza zina kazi moja, nayo ni dharura: moto, mgeni aliyepaliwa, mtu aliyeanguka. Kwa sababu hiyo zinapaswa kuwa karibu na zinapaswa kuwaka mara moja zikihitajika. Nje ya hapo, swichi isiwe mkononi mwa meneja wala MC. Usiku kama huu ukiandaliwa tena, simu zikusanywe mlangoni na kufungiwa, maombi ya bethidei yapokelewe kabla ya mlo na yapangwe pamoja na viongozi, na kiongozi mkuu wa wasioona awe na kauli ya mwisho juu ya mwanga na juu ya huduma kusimama au kuendelea. Kazi ile wanaijua kuliko sisi wote. Wakipewa mamlaka hayo nitakata tiketi tena, na nitawashauri wasomaji wakate. Wasipopewa, mwenye kutaka keki na fataki anazo baa tele, tena kwa bei nafuu.