Willy Gamba mbele ya Msomaji wa Katuba

Riwaya za upelelezi za Elvis Musiba zimepokelewa kwa namna mbili zinazopingana. Wasomaji walizipenda tangu Kufa na Kupona (1974). Wahakiki wakaziweka katika kundi la fasihi pendwa, wakilaumu mauaji, ubabe wa shujaa na sura ya mwanamke, tena wakimwona Willy Gamba kuwa kivuli cha James Bond wa Ian Fleming. Lawama hizo zina msingi, lakini hazitoshi.

Kikosi cha Kisasi (1979) humpeleka Gamba Kinshasa, mji wa Kilingala, na kuusimulia kwa Kiswahili sanifu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hiyo ni kaida tu ya usimulizi. Kwa msomaji wa Katuba, Lubumbashi, jambo ni zito zaidi: enzi ya Mobutu Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, na Kiswahili cha nyumbani kwake si kile cha kitabuni. Hivyo huusoma mji mkuu wa nchi yake katika lugha iliyo yake na isiyo yake.

Mhakiki anayetumia kipimo cha Fleming peke yake hatalifikia jambo hili. Mapokezi ya riwaya hayana budi kuchunguzwa pale inaposomwa.