Kusadikisha na kuthibitisha: masimulizi mawili ya kifo cha Lumumba

Kiswahili hutenga vitenzi viwili: kusadikisha ni kumfanya msikilizaji aamini, kuthibitisha ni kulifanya jambo lisimame imara. Masimulizi ya kifo cha Lumumba yaonyesha umbali uliopo kati yake.

Tarehe 13 Februari 1961, mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini wakauawa na wanakijiji. Kijiji hakukitaja, wala kaburi hakulionyesha. Palikuwa na cheti cha daktari; na kwa watakaoishtaki serikali yake, waziri alijibu kwamba walete ushahidi.

Tangazo hilo halikusadikiwa. Balozi za Ubelgiji zilishambuliwa Cairo na Belgrade. Kasoro imo katika matini yenyewe: cheti huthibitisha kwamba mtu amekufa, hakimtaji aliyemwua, na msemaji adai ushahidi ambao yeye mwenyewe ameuficha. Wasikilizaji walipima yaliyofichwa pamoja na yaliyosemwa.

Katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alisimulia historia ya nchi kwa picha 101, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati ule. Johannes Fabian alizichapisha mwaka 1996. Nyuma ya maiti watatu, Tshibumba aliweka misalaba mitatu. Hana cheti, ana mfano wa Kalvari, unaojulikana na kila Mkristo. Mfano huo wasadikisha kwa nguvu, lakini haumtaji aliyeamuru wala aliyefyatua risasi. Mhakiki anayempenda Tshibumba hana budi kulikubali hilo.

Mwaka 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilieleza jinsi watatu hao walivyopigwa risasi tarehe 17 Januari 1961, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji, ikatamka kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na dhamana ya kimaadili. Mwaka 2022, jino la Lumumba lilirudishwa kwa jamaa zake. Waliopokea ushahidi huo wengi walikwisha kusadiki. Haukuja kuwashawishi, bali kupambanua kazi ya kila mhusika, jambo ambalo picha haikuweza na tangazo halikutaka. Kwa hiyo kila matini yastahili kuulizwa maswali mawili mbalimbali: yasadikisha kwa njia gani, na yathibitisha nini?