Kolmanskop: Picha Nzuri, Reli Haionekani

Kwa mwaka mzima, picha kwenye skrini ya simu yangu ilikuwa ya Kolmanskop: nyumba ya Wajerumani katika jangwa la Namib, mlango wazi, mchanga umejaa chumbani. Kila aliyeiona aliuliza, "Hapo ni wapi? Panatisha, lakini ni pazuri!" Nami nikaridhika.

Siku hizi picha hizi zinanikera. Zote zinasimulia hadithi moja: almasi ilipatikana 1908, watu wakatajirika, almasi ikapungua, na kufikia 1956 mji ulikuwa mtupu. Eti jangwa limerudi kuchukua chake. Basi, imeisha.

Mbona hakuna anayegeuza kamera kuelekea Lüderitz, kilomita chache tu kutoka hapo? Huko, kwenye Shark Island, Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama kati ya 1905 na 1907, watoto pia. Walikufa kwa njaa, baridi na kazi ya sulubu. Wengine walitolewa kambini kujenga reli ya kwenda Aus. Ni kando ya reli hiyo hiyo ambapo Zacharias Lewala, kibarua aliyekuwa akiondoa mchanga, aliokota almasi iliyoanzisha utajiri wote ule.

Simlaumu mpiga picha kwa kupenda mwanga mzuri. Shida ni kwamba chumba kitupu kinatufanya tuwahurumie walioondoka na mali, tukawasahau waliozikwa bila jina.

Picha bado ninayo. Ila mtu akiniuliza ni wapi, naanza na reli.