Agiza ya Rangi

Wageni wengi wakisikia Usambara hukimbilia Lushoto. Zirai iko upande wa mashariki, wilayani Muheza, jirani na Amani. Huku ndiko chai ya Tanzania ilikoanzia: Wajerumani waliipanda kwa majaribio Amani, kwenye kituo chao cha utafiti wa kilimo, mwaka 1902. Kilimo cha biashara kilisubiri hadi 1926, enzi za Waingereza.

Historia imekiandika kituo, ikayaandika na mashamba ya Kwamkoro na Bulwa. Mwenye mgahawa wa kijijini haikumwandika, wakati ufundi ninaousifu mimi uko mikononi mwake. Jani likichumwa huenda kiwandani, likanyaushwa, likasagwa, likaachwa ligeuke rangi, likakaushwa. Chai yetu nyingi imeuzwa kwa miaka katika mnada wa Mombasa. Kwa hiyo mtu anayeamka akitazama mashamba ya chai hununua pakiti dukani, sawa na mtu wa Dodoma.

Iliki haina mizunguko hiyo. Wanakijiji huilima wenyewe chini ya kivuli cha miti (wahifadhi wanalalamika kuwa kuifyekea huudhoofisha msitu, na wana hoja). Chai na iliki huota jirani, lakini hukutania kwenye sufuria ya mama mwenye mgahawa.

Na mtazame anavyozikutanisha. Iliki anaitwanga na maganda yake, kwa sababu harufu nyingine imo kwenye ganda. Tangawizi anaiponda tu, haimenyi. Vyote vinaingia kwenye maji yangali baridi ili vitoe ladha polepole. Kwenye mwinuko wa mita 900 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 97, kwa hiyo viungo haviharakishwi. Majani huja mwisho, kiganja kimoja, bila kijiko wala mizani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Majani yakichemka mno chai inakwaruza ulimi, yakiwahi kuepuliwa inabaki maji ya tangawizi. Yeye hatazami saa. Anachota kwa kikombe, ananyanyua juu, anamimina, anaangalia rangi inavyopita kwenye mwanga wa mlango. Ikifika pale anapoitaka, anavuta kuni nje, anachuja, anajaza chupa kabla maandazi ya kwanza hayajaopolewa.

“Mama, nipe ya rangi, sukari kidogo.”

“Kaa, mwanangu. Sukari yako naijua.”

Ufundi wa namna hii haufundishwi chuoni, na sidhani kama kuna haja. Binti anayeosha vikombe ameuona mara nyingi kiasi kwamba siku mama akienda msibani, wateja hunywa chai ileile.

Ukipita Zirai asubuhi, usianze na ya maziwa, maana maziwa huficha makosa mengi ya mpishi. Agiza ya rangi, uinywe ingali moto, na usiombe kupunguziwa bei.