Ukingo Unaofifia na Bega la Gomesi

Katika darasa la fasihi tumezoea kuuliza maswali mawili kuhusu kazi yoyote: mtunzi anasema nini, na anakisema kwa namna gani? Tunayaita maudhui na fani. Katika insha hii ninayapeleka maswali hayo mahali ambapo wahakiki wa Kiswahili hawafiki mara kwa mara, yaani kwenye mabango yanayobandikwa kutani na nguzoni hapa Kampala: ya harusi, ya mazishi, ya mahubiri na ya kampeni. Ninahakiki kipengele kimoja tu cha fani, nacho ni tabia ya kufifisha kingo za picha ya mtu ili ayeyukie katika rangi iliyo nyuma yake.

Anayetembea Nasser Road, mtaa wa wachapaji unaojulikana sana jijini, hatakosa kuuona mtindo huu. Kichwa na kifua cha mtu vimekatwa kutoka katika picha ya awali, kisha vimezungushiwa ukungu laini pande zote. Hoja yangu ni kwamba ukungu huo si pambo tu. Ukingo unaofifia humwambia mtazamaji kuwa kitu hiki kinaendelea, ila sisi tumeacha kukionyesha. Ukingo mkali humwambia kuwa kitu hiki kinaishia hapa. Basi anayefifisha kila ukingo bila kuchagua anasema uongo mdogo mara nyingi katika picha moja.

Chukua picha ya mama aliyevaa gomesi. Mabega ya vazi hili yameinuka na kuchongoka, na ndiyo yanayolitambulisha hata kwa mbali. Mbunifu anapotumia amri ya kufifisha iliyomo katika Adobe Illustrator, kompyuta humwuliza jambo moja kubwa: ukungu uwe na upana gani? Haimwulizi uanzie upande upi. Akishajibu, ukungu huingia ndani kutoka pande zote kwa kipimo kilekile. Kiunoni, pale picha ilipokatwa, matokeo yanapendeza, kwa sababu mwili wa mama kweli unaendelea chini ya hapo. Mabegani ni hasara tupu. Ncha huliwa kutoka pande mbili kwa pamoja, kwa hiyo ndiyo hutangulia kupotea. Nywele nazo hupungua, na gomesi hugeuka kuwa blauzi. Kama bango ni la mazishi, jamaa wanamuaga mama ambaye mchapaji amemvua umbo la vazi lake la heshima.

Dawa imo katika programu zilezile, nayo ni kufifisha kwa kuchagua kwa kutumia barakoa. Nalipenda neno hili kuliko kinyago. Kinyago humfunika mtu uso wake na kumpa mwingine. Barakoa, tangu ilipokuwa vazi la uso la baadhi ya wanawake wa pwani, huficha sehemu na kuacha sehemu, na ndivyo inavyofanya kazi kwenye kompyuta. Juu ya picha huwekwa umbo lenye rangi: penye nyeupe picha huonekana kamili, penye nyeusi hufichika, penye kijivu huonekana nusunusu. Kwa gomesi letu, mbunifu kwanza anamkata mama kwa mstari mkali unaofuata nywele na mabega. Kisha anachora mstatili unaomfunika mama mzima, mweupe kutoka kichwani hadi kifuani, na kutoka hapo weupe unageuka weusi polepole kuelekea kiunoni. Mstatili huo ndio barakoa. Mabega yanabaki na ncha zake, kiuno peke yake kinafifia. Inkscape, ambayo hailipiwi, nayo ina amri ya kukata kwa mstari mkali na amri nyingine ya barakoa, hivyo ukosefu wa fedha za leseni si kizuizi.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi ya kupendelea njia hii. Mchoro wa vekta hujengwa kwa mistari ya hesabu, ndiyo maana unaweza kukuzwa kutoka kadi hadi bango la barabarani bila kuharibika. Ukungu wa amri ya Illustrator hauko hivyo. Programu huugeuza kuwa nukta. Hati ikiwa imewekewa nukta 72 kwa inchi badala ya 300, ukingo uliokusudiwa kuwa laini unaweza kuchapwa ukiwa na ngazingazi. Tena, mbunifu akiipunguza picha bila kuiagiza programu ipunguze na athari zake, upana wa ukungu hubaki uleule, na kile kilichogusa bega kwenye bango hufika shavuni kwenye kadi.

Wapo watakaonijibu kwamba ukungu huficha ukataji mbaya, na kwamba mteja anasubiri mlangoni. Jibu hili lina uzito, kwa maana mchapaji hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Hata hivyo, kukata vizuri nywele na mabega ni kazi ya dakika chache kwa mkono uliozoea, na barakoa ya mstatili mmoja ni nyepesi kuliko hiyo. Wengine watasema kwamba ulaini ndio uzuri wenyewe. Hao nawaelekeza kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Kingo za wanyama wale ni kali, na hakuna anayeona kuwa zimepungukiwa na uzuri.

Suala linakuwa zito zaidi katika mabango ya siasa. Viongozi wawili ambao huenda hawakuwahi kukaa chumba kimoja huwekwa bega kwa bega, na ukungu uliopo kati yao huunganisha picha mbili kana kwamba walivuta hewa moja. Hapa fani imetunga tukio. Bango lingeacha mstari mkali kati ya picha hizo, mpita njia angejua kwamba ameonyeshwa vipande viwili vilivyowekwa pamoja, na angeamua mwenyewe jinsi ya kuvisoma. Sidai kwamba kuunganisha picha ni kosa. Ninachodai ni kwamba mshono uonekane pale ambapo kuuficha kunabadilisha habari.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu na walimu wetu kipimo chepesi cha kuhakiki bango. Tazama kila mahali palipofifia, kisha uulize: je, kitu hiki kweli kinaendelea kupita hapa? Kama ni kiuno, ukungu una haki yake. Kama ni bega la gomesi, ncha ya kofia au nafasi kati ya watu wawili, mwulize aliyelitengeneza kwa nini alipafuta.