Uchunguzi wa Gari Lililozimika Majini

Kila masika yanaposhuka juu ya Dar es Salaam, na mto Msimbazi uliotoka upande wa milima ya Pugu ukakataa kutulia ndani ya kingo zake, Barabara ya Morogoro hufunikwa na maji pale Jangwani, na miongoni mwa magari yanayothubutu kuvuka halikosekani lililozimika katikati. Swali la kwanza la mwenye gari, na la watazamaji pia, huwa ni moja: je, litawaka? Nia ya uchambuzi huu ni kuonyesha, kwa kufuata kazi iliyofanywa katika karakana moja ya Gerezani, kwamba swali hilo huja mwisho, na kwamba linalostahili kutangulia ni hili: maji yamefika wapi?

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Land Cruiser ya dizeli, yenye injini ya 1HZ ya silinda sita. Lilipofikishwa karakana likivutwa, fundi hakushika spana. Alikata waya hasi wa betri, kisha akamsaili dereva. Maji yalifika kimo gani? Yalifika kwenye taa za mbele. Injini ilikufaje: ilikohoa na kupungua nguvu kidogo kidogo, au ilikatika ghafla? Ilikatika ghafla, kwa kishindo. Ulijaribu kuiwasha tena? Mara moja tu; stata iligonga ikanyamaza, na vijana walipotaka kulisukuma gari likiwa ndani ya gia, dereva aliwakatalia.

Majibu hayo matatu yalikuwa nusu ya kazi. Injini hii haina cheche za umeme za kuwashia mafuta. Dizeli yake huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, pampu yake huendeshwa na gia za injini, na waya pekee inaoutegemea ikiwa inazunguka ni ule wa vali ya kukata mafuta. Unyevu unaolowesha nyaya, ambao aghalabu ndio huizima injini ya petroli, hauna njia ya kuisimamisha injini ya namna hii kwa kishindo. Kwa hiyo dhana ilielekea mahali pamoja, nayo ni kwamba maji yameingia kwa njia ya hewa yakafika ndani ya silinda.

Hatari ya jambo hilo hudhihirika kwa hesabu. Ujazo wa injini hiyo ni sentimita za ujazo 4,164, hivyo kila silinda hupata kiasi cha 694. Na kwa kuwa mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1, pistoni inapofika juu hewa yote ile huwa imeminywa katika nafasi ya sentimita za ujazo 32 hivi, ambayo ni sawa na vijiko viwili vya kulia. Hewa hukubali kuminywa, maji hayakubali. Yakiingia maji yanayozidi kipimo hicho, pistoni husimama njiani ilhali krankishafti na flaiwili bado vina kasi, na nguvu hiyo, ikikosa pa kwenda, huipinda konrodi. Stata nayo inaweza kuipinda. Na gari linalosukumwa likiwa ndani ya gia huizungusha injini kwa nguvu kuliko stata. Dereva yule, kwa kuwakatalia vijana, alizuia madhara yasiongezeke.

Ndipo ukaguzi ulipoanza, kutoka nje kuelekea ndani. Chujio la hewa lilifunguliwa, na karatasi yake ikakutwa imelowa na kulegea, huku matone yakionekana katika bomba lililo baada ya chujio. Basi dhana ikawa yakini. Stiki ya oili ilionyesha kimo cha kawaida na rangi isiyobadilika, lakini fundi hakuridhika na ushahidi huo peke yake, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na huzama chini yake injini ikitulia. Aliliacha gari usiku kucha, na asubuhi akailegeza bolti ya kumwagia oili taratibu: kilichotangulia kutoka kilikuwa oili. Giaboksi na difu vilikaguliwa vivyo hivyo, maana vyombo hivyo, vikiingia majini vikiwa vya moto, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, na maji hufyonzwa kupitia matundu ya kupumulia. Difu ya mbele ilitoa mafuta meupe kama chai ya maziwa, na ikamwagwa yote.

Baada ya hapo zilifunguliwa plagi sita za kupasha joto, ili yaliyomo ndani ya silinda yapate pa kutokea, na injini ikazungushwa kwa mkono kwa spana ndefu iliyotiwa kwenye bolti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, kwa sababu katika injini ya mapigo manne ndiyo inayotosha kila silinda kupitia mgandamizo wake. Silinda ya pili na ya tatu zilitema maji ya udongo. Injini ilizunguka bila kukwama, na mwenye gari, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akafurahi.

"Fundi, si inazunguka? Tuwashe basi."

"Mzee wangu, kuzunguka si kupona. Niache nipime."

Hapa ndipo ilipokuwa fadhila ya kazi nzima. Konrodi iliyopinda kidogo haizuii injini kuzunguka, wala haizuii kuwaka. Gari huenda likatembea majuma mengi, kisha konrodi hiyo ikakatika barabarani na kutoboa ukuta wa bloku. Kwa hiyo maji yaliyobaki yalirushwa nje kwa stata, plagi zikiwa bado zimetolewa na mafuta yamekatwa, kisha mgandamizo ukapimwa kwa geji, silinda baada ya silinda. Tano zilikaribiana, ya tatu ilikuwa chini ya wenzake. Upungufu huo ungeweza kuwa wa vali, wa ringi au wa gasketi, hivyo fundi aliipeleka pistoni ya tatu juu kabisa, akaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, akasikiliza: kwenye bomba la hewa hakuna mvumo, kwenye ekzosi hakuna, kwenye mdomo wa oili hakuna cha kutia shaka, na ndani ya rejeta hakuna mapovu. Silinda isiyovuja, na bado mgandamizo wake ni hafifu, ina maelezo mamoja yanayoafiki akili, nayo ni kwamba pistoni yake haifiki juu ilikokuwa ikifika. Injini ilipofunguliwa, konrodi ya tatu ilikutwa imepinda.

Kwa magari ya petroli utaratibu ni uleule, ila uzito wa dhana hubadilika. Likikohoa na kupoteza nguvu kabla ya kuzimika, tazama kwanza koili, nyaya na visima vya plagi, na katika magari ya zamani kifuniko cha distribyuta. Kausha, kisha ujaribu. Likikatika ghafla, toa plagi kabla ya kugusa ufunguo. Na ikiwa maji yalikuwa ya bahari, kama yanavyopanda katika barabara za chini za mwambao wakati wa bamvua, usichelewe kuzisafisha soketi za umeme, kwa kuwa chumvi huendelea kula shaba hata baada ya maji kukauka.

Ewe msomaji mwenye gari, likizimika majini liache lilivyo: usirudie ufunguo, usikubali lisukumwe likiwa ndani ya gia, na umwambie fundi kwa ukweli jinsi lilivyozimika. Nawe fundi, usihesabu mngurumo wa injini kuwa ndiyo ithibati ya uzima wake mpaka umepima kila silinda. Gharama ya kubadili konrodi moja ni ndogo mno mbele ya gharama ya bloku iliyotobolewa.